Kovu na Jeraha Katika Mwili wa Kayaki

Mtu aliyejiundia chombo chake mwenyewe nyumbani hufikia siku ambayo kazi yaonekana kwamba imekwisha, kumbe bado. Mbao zimekwisha unganishwa, omo na tezi zimesimama sawa, na majirani waliokuwa wakicheka sasa waja kutazama na kuuliza bei. Lakini akipitisha mkono juu ya tumbo la chombo hicho atakuta vitundu, vigongo, mabonde, michirizi ya gundi iliyoganda, na malengelenge. Hapo ndipo mafundi wengi wa nyumbani hufanya haraka. Hununua mkebe wa rangi, wakapaka, na kasoro zote zikapotea machoni. Maji hayana macho, lakini yana vidole, nayo hupapasa usiku na mchana mpaka yapate mahali pa kuingilia.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wale wakaao karibu na maziwa ya Naivasha na Baringo, jinsi ya kuzitengeneza kasoro hizo kabla ya rangi kupakwa. Neno kubwa katika kazi hii ni moja. Baadhi ya kasoro ni makovu ya ngozi tu, na nyingine ni majeraha yaliyofika katika nyama. Kovu huzibwa kwa puti likasawazishwa. Jeraha lililozibwa kwa puti bado ni jeraha, ila sasa limefichwa, na mwenye chombo atalikumbuka siku atakapokuwa mbali na pwani.

Yafaa kusema kwanza kwamba vyombo vya mtu mmoja si kitu kigeni katika Bonde la Ufa. Katika Ziwa Baringo Wailchamus, ambao vitabu vya zamani huwaita Wanjemps, wamekuwa tangu zamani wakiunda vyombo vyao kwa mti wa ambachi, ambao huota penye maji na ni mwepesi mno. Huifunga miti hiyo pamoja ikawa chombo kidogo chenye omo iliyochongoka, na mvuvi hukaa ndani akapiga makasia kwa vibao viwili vidogo, kimoja katika kila mkono. Maji hupita katikati ya miti hiyo na mvuvi hulowa, lakini chombo hakizami, kwa kuwa kinachokichukua ni wepesi wa mti wenyewe. Fundi wa chombo cha namna hiyo hana haja ya puti. Kazi yake ni kukianika, maana ambachi hunywa maji na kuwa nzito.

Kayaki ni kinyume cha hayo. Asili yake ni kwa Wainuit wa nchi za barafu za kaskazini, waliotandika ngozi za sili juu ya kiunzi cha miti na mifupa. Kinachoichukua kayaki ni hewa iliyomo ndani yake, na kati ya hewa hiyo na ziwa pana ngozi nyembamba tu. Siku hizi mtu wa nyumbani haitumii ngozi ya mnyama. Hukata vipande virefu vya plaiwudi ya vyomboni, mara nyingi yenye unene wa milimita 4, akavitoboa kingoni, akavishona kwa waya wa shaba, kisha akaziba maungio kwa resini ya epoksi na kuyafunika kwa kitambaa cha fibaglasi. Namna hii ya kushona na kugandisha ilienea sana mwaka 1963, wakati gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilipoieneza mashua ndogo ya tanga iitwayo Mirror, kazi ya mabwana Jack Holt na Barry Bucknell. Mashua zaidi ya 70,000 za aina hiyo zimekwisha undwa, nyingi katika vibanda na vyumba vya nyumba za watu.

Msomaji wa pwani atasema kwamba kushona chombo ni habari ya kale, naye atakuwa na haki. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Tofauti ni kwamba kamba za mtepe zilikaa humo maisha yote ya chombo, bali waya za kayaki nyingi hutolewa resini ikisha kushika, na kila moja huacha tundu. Kayaki moja yaweza kuwa na matundu mia na zaidi. Hizo ndizo kasoro za kwanza ambazo fundi hukutana nazo.

KUJUA KOVU NA KUJUA JERAHA

Kabla ya kununua kitu chochote, kigeuze chombo kifudifudi juu ya vigogo viwili vilivyofungwa magunia, ukakichunguze. Usikichunguze saa sita mchana. Jua la utosini halioneshi kitu, kwa kuwa kila mahali pana mwanga sawa. Ngoja jioni, uwashe taa au kurunzi, uilaze karibu na tezi ili mwanga upite juu ya ubavu kuelekea omo. Hapo kila kigongo kitatupa kivuli na kila bonde litajaa giza, utashangaa. Tembea na kalamu ya risasi, utie alama: duara kwa bonde, mstari kwa kigongo, na msalaba kwa mahali unapopashuku.

Kisha chukua sarafu, ugonge pole pole kila palipotiwa msalaba na kila mahali penye fibaglasi. Palipo pazima hulia kwa sauti kali na ya mkato. Palipoachana, kitambaa hakikushikamana na mbao, au matabaka ya plaiwudi yana uwazi ndani yake, napo husikika sauti nzito kama ya debe lililofunikwa. Hilo ni jeraha. Doa jeupe ndani ya fibaglasi vilevile ni jeraha, maana nyuzi zilizolowa resini barabara huwa hazionekani, na zile zilizobaki nyeupe hazikulowa. Mahali pa namna hiyo hapana nguvu, na maji yakifika hapo yatatembea katikati ya nyuzi kama mafuta katika utambi.

Dawa ya jeraha ni kulifungua. Kata sehemu yote iliyoachana, usiionee huruma, mpaka ufikie palipoganda imara. Sugua kingo zake ziteremke taratibu kama ufuko wa ziwa, zisiwe kama ukingo wa shimo. Paka resini, weka kitambaa kipya kinachopita kingo hizo kwa sentimita 5 hivi kila upande, ukilowesha mpaka weupe wote utoweke. Likisha kauka, ndipo puti itumike juu yake kwa kusawazisha tu. Puti haina nyuzi, na kwa hiyo haina nguvu ya kuvutwa wala ya kupindwa. Kayaki hupindwa kila wimbi linapopita chini yake, na hupindwa zaidi inapopanda juu ya kisiki.

Visiki hivyo si mfano tu. Tangu miaka ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na katika mwaka 2020 yalipanda hata yakaingia majumbani. Huko Naivasha mtaa wa Kihoto ulifurika, na Baringo nyumba na mashamba yalifunikwa. Migunga iliyokuwa ikisimama nchi kavu ilikufa ndani ya maji, na pamoja nayo nguzo za ua na seng'enge zikabaki chini mahali ambapo macho hayafiki. Mtu apitaye hapo na kayaki ya milimita 4 amekaa juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Tena katika Ziwa Naivasha viboko ni wengi, na mtu ambaye chombo chake kimeanza kujaa maji hana nafasi ya kuchagua njia ya kurudi pwani.

Makovu, kwa upande mwingine, ni haya: matundu ya waya, vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, nyuzi za kitambaa zinazojitokeza kama kusuka kwa kikapu, michirizi ya resini iliyoteremka kama machozi na kuganda, na mabonde pale vipande viwili vya plaiwudi vilipokutana bila kulingana. Haya yote ni ya juu, na mtu mvumilivu atayaondoa.

SAA ZA KAZI

Kuna jambo moja ambalo maelezo yanayokuja pamoja na mikebe ya resini husema kwa ufupi, na hapa kwetu yataka maneno mengi. Mji wa Naivasha uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru ni karibu hivyo hivyo. Mchana jua ni kali, na usiku baridi yaweza kushuka mpaka karibu na digrii 10, au hata chini yake. Mabadiliko hayo hutia kasoro katika chombo kabla fundi hajakosea lolote.

Mbao ina hewa ndani yake. Ukiipaka resini saa tatu asubuhi, jua lapanda, mbao yapata moto, hewa iliyomo yatanuka na kutafuta njia ya kutokea. Hutokea kupitia katika resini iliyo mbichi bado, ikaacha malengelenge na vile vitundu vya sindano. Fundi huona kwamba amepewa resini mbovu, lakini kosa ni la saa. Mbao ambayo haijapakwa kitu yafaa kupakwa alasiri, joto linapoanza kushuka, kwa sababu hapo hewa ya ndani hujikunja na kuivuta resini iingie.

Hata hivyo alasiri nayo ina matata yake. Katika sehemu za Gilgil, Elementaita na Naivasha upepo huamka baada ya chakula cha mchana na kuleta vumbi, na ukichelewa sana baridi ya usiku huikuta resini haijashika. Resini nyingine ikipata baridi na unyevu hutoa utando mwembamba juu yake, wenye kuteleza kama nta. Utando huo ni adui mkubwa kuliko vitundu vyote, kwa maana rangi au puti iliyopakwa juu yake haishiki, na baada ya miezi michache hubanduka vipande vipande. Wengi huufuta kwa thina, na thina huusambaza tu. Utando huo huyeyuka kwa maji. Osha chombo kwa maji safi na kisugulio cha masufuria, ufute kwa kitambaa kabla maji hayajakauka yenyewe, ndipo upige msasa. Ukitanguliza msasa utausukuma utando ndani ya mikwaruzo, na hapo kuutoa ni kazi.

Kwa hiyo fundi wa huku hapana budi awe na banda lenye kuta, hata za magunia au karatasi za nailoni, naye aanze kazi saa tisa hivi, akamaliza kabla ya saa kumi na moja. Baringo, ambako ziwa liko karibu mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, shida si baridi. Huko resini huganda upesi mno ndani ya kopo, hupata moto, na hata hutoa moshi. Changanya kidogo kidogo, uimwage katika sinia pana badala ya kuiacha katika kopo refu. Lakini popote ulipo usibadilishe kipimo cha dawa ya kugandisha ukidhani utaharakisha au utachelewesha kazi. Kama mkebe wasema sehemu 2 kwa 1, ni 2 kwa 1. Dawa ikizidi haina mwenzake wa kushikana naye, na mahali hapo hubaki laini daima.

PUTI NA UBAO MREFU

Puti ya kayaki hutengenezwa kwa resini ile ile ya epoksi, ikatiwa unga mwepesi mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ikichotwa kwa kisu isianguke. Kwa chombo kitakachopakwa rangi, unga mzuri ni ule wa vipira vidogo mno vyenye uwazi ndani, kwa kuwa ni mwepesi na husugulika kwa urahisi. Kwa chombo ambacho mwenyewe anataka mbao zake zionekane chini ya vanishi, tumia unga laini wa mbao ile ile, ingawa huwa mgumu kusugua, nalo kovu huonekana jeusi kidogo kuliko lilivyotazamiwa.

Puti ya magari, ipatikanayo kwa mafundi wa bodi katika gereji za jua kali, huwavuta wengi kwa bei yake na kwa kuwa hukauka kwa dakika chache. Kwa mlango wa gari ni kitu chema. Kwa tumbo la chombo haifai. Hunywa maji, na ikikaa chini ya maji siku nyingi huvimba na kuachana.

Baadhi ya wasomaji wanaojua machimbo ya Kariandusi, karibu na Elementaita, watauliza kama ule udongo mweupe wa huko haungefaa kuwa unga wa puti. Swali ni zuri. Udongo huo ni mabaki ya mimea midogo sana ya majini iliyokufa zamani, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, nao baada ya kusafishwa hutumika viwandani kuchujia vinywaji na kuongezea rangi. Lakini udongo mbichi una unyevu na uchafu, na vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu. Aliyetumia fedha kwa resini asiiharibu kwa kuokoa senti za unga.

Matundu ya waya yazibwe hivi. Bandika utepe upande wa ndani, sukuma puti kutoka nje mpaka ijae, halafu iache isimame juu kidogo ya ubao, kama kichwa cha chunusi. Mtu akiisawazisha kabisa ikiwa mbichi, hewa iliyojificha itatoka baadaye na kuacha shimo. Michirizi na vigongo vya resini visizungushiwe puti ili kuvificha, kama wafanyavyo wengine. Huondolewa kwanza kwa kikwaruzo chenye makali, na mara nyingi mtu hugundua kwamba bonde aliloliona kando yake halikuwa bonde.

Sasa tufike kwenye kusugua, ambako kazi nyingi nzuri huharibika. Puti nyepesi ni laini kuliko resini iliyoizunguka. Ukishika kipande cha msasa kwa vidole na kusugua juu ya kovu, vidole vitachimba puti na kuiacha resini, na badala ya kovu moja utapata bonde. Utalijaza tena, utasugua tena kwa vidole, na bonde litakuwa pana zaidi. Twajua ya kuwa wapo waliojaza mahali pamoja mara nne, wakailaumu puti. Dawa ni ubao. Chukua kipande cha plaiwudi chenye urefu wa sentimita 50 au 60, chembamba cha kutosha kupinda kidogo kufuata ubavu wa chombo, ukagundishe msasa namba 80 chini yake. Sugua kwa mshazari, kutoka kulia kwenda kushoto na kisha kinyume chake, mapigo marefu yanayovuka kovu na kupita mbali nje yake. Ubao haujui kovu liko wapi, nao hukata kila kilicho juu na kuyavuka mabonde bila kuyagusa.

Ili kujua umefika wapi, kabla ya kusugua chora mistari ya kalamu ya risasi juu ya sehemu yote. Palipofutika mistari palikuwa juu, palipobaki mistari ni bonde. Funga macho pia, uvae glavu nyembamba ya pamba, upitishe kiganja pole pole. Mkono huhisi kigongo ambacho jicho hupita bila kukiona.

Na hapa lazima tutoe onyo. Unaposugua juu ya fibaglasi, ukiona nyuzi nyeupe zikianza kumeta, simama papo hapo. Umefika kwenye kitambaa, na kila pigo linalofuata lakata nguvu ya chombo. Kama kigongo bado kipo, basi kikae, au inua pande zake kwa puti ili kiteremke taratibu. Kusuka kwa kitambaa kunakojitokeza hakusuguliwi mpaka kuishe, bali hujazwa kwa resini tupu, tabaka mbili au tatu nyembamba, ndipo hiyo resini isuguliwe.

Neno msasa lenyewe latokana na mti wenye majani makavu makali, ambayo mafundi wa zamani walitumia kulainisha mbao kabla karatasi za dukani hazijaja. Wapo pia wanaotumia mawe mepesi ya volkano ya sehemu za Longonot. Hayo yatafaa kwa miguu na masufuria. Juu ya chombo hutoa chembe zisizo sawa na kuacha mikwaruzo ambayo itakuchukua siku nzima kuiondoa.

Baada ya namba 80 tumia 120, na kwa rangi inatosha kumaliza na 180 au 220. Vumbi la epoksi si la kuchezea. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, funika mikono, na usisugue resini ambayo haijakauka barabara, maana hiyo hudhuru ngozi, na mtu ambaye ngozi yake imekwisha ikataa hataweza tena kuikaribia maisha yake yote. Ikikugusa mkono, osha kwa sabuni na maji. Thina huipenyeza ndani ya ngozi.

KIASI GANI KINATOSHA?

Swali hili halina jibu la namba. Maoni yetu ni kwamba watu wengi huacha mapema kwenye majeraha na huchelewa kuacha kwenye makovu. Kayaki ya plaiwudi yenye urefu wa mita 5 huwa na uzito wa kilo 20 hivi au zaidi kidogo, na sifa yake kubwa ni kwamba mtu mmoja aweza kuibeba begani toka nyumbani mpaka ziwani. Kila tabaka la puti na rangi ni mzigo juu ya bega hilo. Kibonde ambacho chaonekana tu kwa kurunzi ya usiku hakitampunguzia mwendo mtu anayepiga kafi, wala samaki hatakijali. Yule atakaye chombo king'ae kama gari jipya, na asugue, ni starehe yake. Lakini asipunguze saa za kugonga sarafu ili azipate saa za kung'arisha.

Sehemu zilizotiwa puti zifunikwe tena kwa tabaka la resini tupu kabla ya rangi, kwa kuwa unga mwepesi uliosuguliwa huacha vishimo vinavyoweza kunywa maji. Kisha rangi, au vanishi yenye dawa ya kuzuia jua. Jambo hili si la urembo. Epoksi isiyofunikwa huharibiwa na jua, hugeuka manjano, ikawa kama chaki na kupasuka, na jua la nyanda zetu za juu ni kali kuliko lile la nchi ambako resini hizo hutengenezwa. Rangi nyeupe au ya maziwa ni bora kuliko nyeusi au ya samawati iliyokoza, kwa maana chombo cheusi kikianikwa mchana hupata moto hata resini ikalegea, na kusuka kwa kitambaa kukaanza kuonekana upya.

Wazee wa pwani waliopaka matumbo ya majahazi yao kwa shahamu na chokaa walirudia kazi hiyo kila baada ya muda, na kila walipoirudia walipata nafasi ya kuona palipoanza kulegea na kukalafati upya kwa pamba na mafuta. Mwenye kayaki hana desturi kama hiyo inayomlazimisha, hivyo na ajiwekee siku yake. Kila baada ya msimu aigeuze, alaze kurunzi, agonge sarafu. Mkwaruzo uliofika kwenye mbao usizibwe siku hiyo hiyo. Uoshwe kwa maji safi, chombo kikae chini ya paa penye hewa siku kadhaa mpaka mbao ikauke kabisa, maana maji yaliyofungiwa chini ya puti huoza mbao kutoka ndani.

Kayaki mpya isikimbiliwe majini. Resini huonekana ngumu kesho yake, lakini yahitaji kama juma zima kukomaa, na zaidi kama ni miezi ya baridi. Siku ya kuijaribu ichukuliwe ziwani mapema asubuhi, kabla ya upepo, mahali ambapo maji hayapiti kiuno na wenyeji wamethibitisha kwamba viboko hawapo. Piga mistari ya chaki ndani, juu ya maungio yote, kisha iweke majini na mifuko michache ya mchanga badala ya mtu, uiache muda wa saa moja. Palipo na unyevu chaki itabadilika rangi kabla tone lolote halijaonekana. Tia alama mahali hapo kwa nje, irudishe nyumbani, ikauke, uanze na sarafu. Ikiwa chaki yote imebaki nyeupe, kabla ya kuitumia uliza katika ofisi za Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Kenya, ambayo kazi yake ya kukagua vyombo hufika hata maziwa ya bara, uambiwe ni masharti gani yanayohusu chombo cha namna hiyo, na ununue jaketi la kuokolea lenye kukutosha.

Hapo nyumbani itundikwe chini ya paa, kifudifudi, kwa mikanda mipana, na vifuniko vya sitaha viachwe wazi ili hewa ipite.